Jina, Andiko na Jiwe: Asili na Madhumuni ya Husuni Ndogo ya Kilwa



1.0 Utangulizi

Katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, upande wa mashariki wa magofu ya mji wa kale, yapo majengo mawili ambayo wenyeji huyaita Husuni Kubwa na Husuni Ndogo. La kwanza limeelezwa katika vitabu vingi. La pili, lililo jirani yake ng'ambo ya korongo dogo, hutajwa kwa sentensi mbili tatu kisha likaachwa. Ni boma la mstatili lililozungushiwa kuta nene za mawe, na kuta hizo zimetiwa minara iliyojitokeza kwa nje. Ndani yake hamna msongamano wa vyumba kama ule wa Husuni Kubwa. Katika pwani yote ya Afrika ya Mashariki hakuna jengo jingine la kale lililo sawa nalo.

Swali ambalo kila mgeni huuliza akifika hapo ni moja: lilijengwa kwa ajili gani? Na nyuma ya swali hilo limejificha la pili, ambalo kwa muda mrefu limeulizwa kwa upendeleo: lilijengwa na nani? Mhadhara huu unakusudia kuyachunguza maswali hayo mawili kwa kuwahoji mashahidi watatu, yaani jina, andiko na jiwe, kisha kumwita wa nne ambaye wanaakiolojia hawamtumii sana, nao wanaisimu hawajamleta barazani ipasavyo. Shahidi huyo ni msamiati wa uashi wa Kiswahili. Hoja yangu ni kwamba makosa mengi yaliyofanywa katika kuyaeleza magofu yetu yametokana na kumpa shahidi mmoja kazi ya mwingine: jina likaulizwa habari za madhumuni, na andiko likaulizwa habari za mafundi.

2.0 Mahali na Wakati

Kilwa Kisiwani iko katika Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi, takriban kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam. Ustawi wake mkubwa ulitokana na biashara ya dhahabu iliyotoka bara kupitia Sofala, pamoja na pembe za ndovu na bidhaa nyinginezo, zilizobadilishwa kwa nguo, shanga na vyombo vya kaure kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Watawala wake walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, na sarafu moja yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman imepatikana mbali sana, katika magofu ya Zimbabwe Kuu.

Sultani huyo ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa. Neville Chittick, aliyeongoza uchimbuaji wa Kilwa tangu miaka ya mwisho ya 1950 na kuchapisha matokeo yake katika majuzuu mawili mwaka 1974, alipata humo jiwe lililochongwa maandishi ya Kiarabu yenye jina na lakabu ya al-Hasan bin Sulaiman. Kwa ushahidi huo, jengo liliwekwa katika sehemu ya kwanza ya karne ya 14. Lina vyumba zaidi ya 100, nyua kadhaa, na birika la kuogea lenye pembe nane; nalo halikupata kumalizika. Husuni Ndogo haina andiko la namna hiyo. Kwa kawaida huwekwa karibu na wakati wa jirani yake, ingawa wako wanaoileta hadi karne ya 15.

3.0 Shahidi wa Kwanza: Jina

Neno husuni limetokana na Kiarabu, ambamo hisn ni ngome na husun ni wingi wake. Umbo tulilonalo katika Kiswahili linafanana na lile la wingi. Basi msomaji anayeanzia kwenye kamusi atafikia haraka uamuzi kwamba Husuni Ndogo ni ngome ndogo, na kwamba minara yake ilikuwa ya walinzi. Uamuzi huo una haraka kuliko ushahidi.

Kwanza, jirani yake, Husuni Kubwa, hubeba jina lilo hilo, na hakuna mchimbuaji aliyeiona kuwa ngome. Mpangilio wake wa nyua, sebule, birika na vyumba vya ghala ni wa kasri na makazi ya biashara. Ikiwa jina limekosea madhumuni ya jengo kubwa, hatuna sababu ya kuliamini katika jengo dogo. Pili, vivumishi kubwa na ndogo vinayaeleza majengo haya kwa kuyalinganisha. Majina ya namna hii hutolewa na mtu anayeyatazama yote mawili kwa pamoja, aghalabu yakiwa yamekwisha kuwa magofu, naye akaona kuta nene juu ya bahari. Jina basi ni tafsiri ya mtazamaji wa baadaye.

Kilwa yenyewe inatupa mifano miwili ya kutuonya. Jengo kubwa lililo karibu na ufuko huitwa Gereza. Etimolojia inayokubaliwa na wengi hulitoa neno hilo katika Kireno igreja, yaani kanisa. Wareno walijenga ngome Kilwa mwaka 1505 na kuiacha mwaka 1512. Jengo tunaloliona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya zama za Waomani, karibu na mwaka 1800. Neno lilianza kwa kutaja kanisa, likahamia kwenye ngome iliyokuwa na kanisa ndani yake, kisha kwenye ngome yoyote, na mwisho likatua kwenye nyumba ya wafungwa. Mwanafunzi atakayeamua madhumuni ya Gereza la Kilwa kwa maana ya sasa ya neno atapata jela. Atakayeamua kwa asili ya neno atapata kanisa. Wote wawili watakuwa wameikosa ngome.

Mfano wa pili ni Makutani, jina la kasri yenye kuta kubwa, magharibi mwa mji wa kale. Hapa tunaona nomino ukuta ikitiwa kiambishi cha ukubwa, makuta, kisha kiambishi cha mahali, -ni: penye makuta. Jina hili ni mwaminifu kwa sababu halidai lolote kuhusu madhumuni. Linasema tu kilichoonekana. Tunajifunza hapa kanuni ya kwanza: majina ya magofu ni ushahidi wa historia ya waliobaki na kuyatazama, nao ni ushahidi wa thamani, lakini hayashuhudii nia ya mjenzi.

4.0 Shahidi wa Pili: Andiko

Kilwa imebahatika kuwa na tarikh yake. Habari hizo, zilizoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, zimetufikia kwa nakala iliyonakiliwa Unguja mwaka 1877 ambayo sasa iko katika Maktaba ya Uingereza. Arthur Strong aliichapisha mwaka 1895. Masimulizi ya aina hiyo hiyo yalimfikia mwanahistoria Mreno João de Barros, aliyeyatia katika kitabu chake cha mwaka 1552. Kabla ya hapo tuna ushahidi wa msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 katika utawala wa al-Hasan bin Sulaiman, na ambaye amemsifu sultani huyo kwa ukarimu uliompatia lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa.

Maandiko haya yanasema nini juu ya majengo? Tarikh hutilia mkazo nasaba za watawala na habari za Msikiti Mkuu, jinsi ulivyoanguka na kujengwa upya katika karne ya 15. Ibn Battuta anaueleza mji kuwa umejengwa kwa mbao, wala hataji kasri ya mawe juu ya rasi. Barros, kwa upande wake, anamtaja mtawala mmoja, Sulaiman Hasan, kwamba aliujengea mji ngome ya mawe na chokaa yenye kuta na minara, kwa kuwa hapo kabla nyumba karibu zote zilikuwa za mbao.

Ni rahisi kuikamata kauli ya Barros na kuifunga kwenye Husuni Ndogo: kuta zipo, minara ipo. Hata hivyo, andiko halitaji mahali, na mfuatano wake wa watawala hauafikiani barabara na ule wa nakala ya Kiarabu. Zaidi ya hayo, mwandishi wa tarikh alikuwa na haja zake. Yeye alitaka kuthibitisha haki ya ukoo kutawala. Ndiyo maana anasimulia kwa makini jinsi kisiwa kilivyonunuliwa kutoka kwa mtawala wa kienyeji kwa nguo za rangi zilizotosha kukizunguka chote. Kisa hicho kinatueleza mengi juu ya thamani ya nguo na juu ya namna uhalali wa utawala ulivyofikiriwa. Hakitwambii ni nani aliyechoma chokaa wala ni nani aliyepanga mawe. Kanuni ya pili basi ni hii: andiko hujibu maswali ya aliyeliandika, na lisipotaja jambo, kimya chake kisigeuzwe kuwa kauli.

5.0 Shahidi wa Tatu: Jiwe

Tukiliendea jengo lenyewe, inatupasa kuyapima mapendekezo mbalimbali ya madhumuni kwa kuuliza kila moja lingeacha alama gani.

Ikiwa ni ngome, tungetarajia maji ya kuwatosha waliozingirwa, njia ya walinzi juu ya kuta na nafasi za kurushia silaha. Minara peke yake haitoshi. Katika usanifu wa nchi za Kiislamu, kuanzia Shamu hadi Uajemi, kuta zenye minara midogo zilitumika pia katika majumba ya wakuu, katika nyumba za kufikia misafara na katika misikiti, ili kuzitegemeza kuta na kuzipa haiba. Mjenzi wa Husuni Ndogo yamkini aliujua mtindo huo kwa kuuona au kwa kuelezwa. Mtindo unaweza kusafiri bila ya kazi yake ya awali.

Ikiwa ni msikiti, au sehemu yake ilikuwa msikiti kama ilivyowahi kupendekezwa, kipimo chake ni kibla. Makka iko karibu kaskazini kamili ya Kilwa, kwa sababu sehemu hizo mbili zinakaribiana sana katika longitudo. Na ndivyo mihrabu ya Msikiti Mkuu inavyoelekea. Mihrabu na mahali pa kutawadhia ni alama ambazo fundi wa msikiti hawezi kuziacha. Bila hizo, umbo la mstatili halithibitishi ibada.

Ikiwa ni soko, ghala au zizi la kuwekea mali, wakiwemo watumwa waliosubiri vyombo, alama zake zingekuwa katika udongo zaidi kuliko katika kuta: mabaki ya vyakula, vigae, nafaka, vyoo, mashimo ya nguzo za vibanda. Ukuta mnene unaozunguka uwanja mtupu huafiki dhana hii, lakini huafiki pia dhana ya jengo ambalo lilianzwa kwa nia kubwa na kuachwa kabla ya kujazwa, kama ilivyotokea kwa jirani yake.

Hapa ndipo kazi iliyofanyika Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini mwa Kilwa Kisiwani, inapotufaa. Tangu mwaka 2009 Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher wameongoza utafiti wa mji huo wa karne za 14 na 15. Nyanja zake za wazi, ambazo watafiti wa awali walizipita wakitazama nyumba na misikiti, zilichunguzwa kwa vipimo vya kemikali za udongo na vya mabaki madogo ya mimea. Ikadhihirika kwamba uwazi ule ulipangwa na kutumiwa: palikuwa na makaburi yaliyoenziwa kwa sarafu na vijiwe vyeupe, na palikuwa na shughuli za kila siku ambazo hazikuacha ukuta hata mmoja. Tukiichukulia Husuni Ndogo kuwa uwanja uliozungushiwa ukuta, na tukauweka uwanja mbele ya ukuta katika uchunguzi, swali la madhumuni linapata njia ya kujibiwa.

Tahadhari hii ina mfano mkubwa nchini Kenya, mbali na pwani. Magharibi mwa Ziwa Turkana zipo nguzo za mawe za kale zinazoitwa Namoratunga, jina la Kiturkana linaloelezwa kuwa na maana ya watu wa mawe. Mwaka 1978 Lynch na Robbins walidai kwamba nguzo 19 za mahali pamoja zilipangwa kwa kuelekea nyota na zilitumika kama kalenda. Dai hilo likaenea ulimwenguni. Mwaka 1982 Robert Soper alipima tena, akaonesha kwamba vipimo vya awali havikusimama imara. Baadaye uchimbuaji wa Lothagam Kaskazini, mahali pa nguzo kama hizo karibu na ziwa lilo hilo, ulitoa jibu la aina nyingine: chini ya mawe palikuwa na makaburi ya mamia ya watu, wafugaji wa miaka takriban 5,000 iliyopita, wakubwa kwa wadogo, waliozikwa na mapambo yao bila ya dalili za tabaka. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2018. Waliotazama juu walipata nyota. Waliochimba chini walipata jamii.

6.0 Asili: Ushahidi wa Msamiati

Nageukia sasa swali la nani. Katika karne ya 19 na sehemu kubwa ya karne ya 20, waandishi wengi waliyahesabu majengo ya mawe ya pwani kuwa kazi ya wageni, Waarabu au Waajemi, kama walivyoyahesabu magofu ya Zimbabwe Kuu kuwa kazi ya Wafoinike mpaka Randall-MacIver mwaka 1905 na Caton-Thompson mwaka 1929 walipoonesha kuwa ni ya Waafrika. Uchimbuaji wa Mark Horton huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, uliidhoofisha sana dhana hiyo kwa upande wa pwani: ulifuatilia misikiti mmoja juu ya mwingine, tangu wa miti katika karne ya 8 hadi wa mawe. Lugha nayo ina la kuongeza.

Tutazame maneno ya jengo la ibada. Msikiti, mihrabu, kibla na kuba yote yametoka katika Kiarabu, na hilo ni jambo la kutarajiwa, kwani dini ilikuja na istilahi zake. Lakini tukiuliza maneno ya kazi, picha inabadilika. Jiwe ni neno la Kibantu, ndugu wa iwe la lahaja za kaskazini na wa maneno yanayofanana nayo katika lugha nyingi za bara. Na aliyelipanga jiwe huitwa mwashi, nayo kazi yake uashi. Neno hili limenyambuliwa kutokana na kitenzi cha kale kuaka, yaani kujenga kwa mawe, ambacho leo wengi wetu hatukitumii.

Tuuangalie unyambuaji huo. Kutoka kuaka tunapata mwashi, kama tunavyopata mpishi kutoka kupika na mcheshi kutoka kucheka. Konsonanti /k/ imegeuka kuwa /sh/ mbele ya kiambishi cha mtendaji -i. Kanuni hii ilifanya kazi katika maneno ya urithi wa Kibantu. Vitenzi vilivyokopwa kutoka Kiarabu havikuifuata: kutoka kushiriki tunapata mshiriki, wala hatusemi *mshirishi, kutoka kumiliki tunapata mmiliki. Kwa hiyo mwashi si neno lililokuja na fundi mgeni. Limezaliwa ndani ya lugha, kwa kanuni ya kale ya lugha, na likabaki kuwa jina la ufundi huo hata baada ya Kiarabu kuleta mamia ya maneno mengine. Kama ujenzi wa mawe ungekuwa kazi ya wageni ikitazamwa na wenyeji, ingekuwa ajabu kwamba kuba ina jina la kigeni na aliyeijenga ana jina la kienyeji.

Ushahidi wa mali ghafi unaafikiana na huo. Matumbawe yalikatwa baharini yakiwa mabichi na laini, yakachongwa kabla ya kukauka. Mengine yalichomwa kuwa chokaa. Na boriti za mikoko ziliamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya kale vya pwani ni virefu na vyembamba. Mambo haya hujulikana na watu waliokaa na bahari hiyo, wakayajua maji makavu na bamvua, wakajua mti upi huhimili mchwa.

Hata hivyo, shahidi huyu naye ana mpaka wake. Msamiati unatwambia ufundi ulikuwa wa lugha gani. Hautwambii kila fundi alizaliwa wapi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha mabaki ya watu waliozikwa Kilwa na Songo Mnara pamoja na miji mingine, umeonesha kwamba wengi wa waliopimwa walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa kina mama, na asili ya Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa kina baba, na kwamba mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000. Matokeo haya yanakataa pande zote mbili za ubishi wa zamani. Mtoto wa ndoa hizo alilelewa katika lugha ya mama yake, na katika lugha hiyo alijifunza kuaka. Mpango wa minara ya Husuni Ndogo waweza kuwa ulitoka mbali. Mikono iliyoitekeleza ilikuwa na jina la Kiswahili.

7.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonesha kwamba mashahidi wanne wa Husuni Ndogo hawasemi jambo moja, na kwamba kila mmoja ni mkweli katika lile analolijua. Jina linashuhudia macho ya waliokuja baadaye. Andiko linashuhudia haja za watawala. Jiwe, pamoja na udongo uliolala ndani ya boma, linashuhudia matendo. Msamiati unashuhudia ufundi na umiliki wake. Kwa ushahidi uliopo, naona salama zaidi kusema kwamba Husuni Ndogo ni uwanja uliozungushiwa ukuta na waashi wa Kiswahili kwa mtindo uliojulikana ng'ambo, karibu na zama za fahari kuu ya Kilwa, na kwamba neno ngome lisichukuliwe kuwa jibu.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya hifadhi. Kuta zinaweza kutiwa chokaa upya. Maneno hayana orodha kama hiyo. Kuaka limekwisha kutoweka katika vinywa vya wengi, na majina ya zana, ya vipimo na ya aina za mawe ambayo waashi wazee wa pwani ya Kilwa na Lindi wangali wanayajua hayajakusanywa kwa ukamilifu. Wanafunzi wa isimu waliomo ukumbini humu hawahitaji kibali cha kuchimbua ili kuyaandika. Wanahitaji daftari, adabu ya kuketi na wazee, na subira ya kusikiliza. Ushahidi huo nao ni sehemu ya jengo.